Tusiseme Tu "Batiri Imekufa"

Mwezi huu tuzungumze juu ya piki. Katika nyumba nyingi za kwetu piki ni kama shamba la pili. Inapeleka mama mjamzito ku hospitali, inaleta unga kutoka mpakani Kasindi, inalipa masomo ya watoto, na huko Manguredjipa inafikisha wachimba zahabu pahali gari haliwezi kupita. Kwa hiyo ugonjwa wa piki unagusa jamaa nzima, hata wale wasiojua kuiendesha.

Ugonjwa wenyewe ni huu: batiri haijai. Leo honi inalia vizuri, kesho inakohoa, kesho kutwa imenyamaza. Mwenye piki anasema, "Batiri imekufa," anatoa dola, ananunua ingine. Kisha majuma matatu, hadithi ni ile ile.

Kijana mmoja wa kwetu, motari, alinunua batiri tatu katika mwaka mmoja. Batiri ya tatu ilinunuliwa na mbuzi wa mama yake. Piki yake ni ya zamani, na moto wa buji unatoka ku batiri. Batiri ikiisha, piki inazimika. Jioni moja ilizimika ku barabara ya Beni, mbele kidogo ya Mutwanga, jua likizama. Ninyi mnaoijua barabara ile ya kilometa kama 80 mnaelewa. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kurudia-rudia katika eneo la Beni, mtu hasimami pale usiku kwa kupenda. Mungu alisaidia, gari la mizigo likambeba. Kesho yake akaniletea piki, maana anajua niko na multimeta, kile kipimo cha umeme ambacho bei yake ni ndogo kuliko batiri.

Sikiliza namna tulivyotafuta, ili nawe ufanye hivyo.

Kwanza, tulipima batiri yenyewe, piki ikiwa imezimwa kwa muda. Batiri ya volti 12 iliyojaa inaonyesha karibu 12.6 ao 12.8. Ikiwa 12 tu, imekaribia kuisha. Piki nyingi za miaka ya 1970 zilikuwa za volti 6. Hizo zikijaa zinaonyesha kama 6.3. Usinunue batiri mbele ya kusoma namba iliyoandikwa juu yake. Ile ya kijana ilionyesha 12.1. Ilikuwa na njaa, lakini haikuwa imekufa.

Pili, tuliwasha piki na kuongeza mafuta kidogo, vipande vya multimeta vikiwa bado ku batiri. Hapa ndipo siri iko. Piki nzima ya volti 12 inapaswa kupanda kufika 13.5 hadi 14.8. Ikipita 15, regulata imeharibika. Utaona ampuli zinapasuka na maji ya batiri yanakauka. Ikibaki pale pale ao ikishuka, batiri hailishwi. Yetu ilishuka, 11.9 taa ikiwaka. Kumbe batiri zote tatu hazikuwa na kosa!

Tatu, mbele ya kufungua kitu kikubwa, tazama vitu vidogo: fizibo, waya wa masi unaoshika chuma cha piki, na miunganisho yote. Matope yetu na maji ya kuosha piki kwa nguvu yanaingia mule na kuleta kutu ya kijani.

Ine, tulipima statori, yaani nyuzi za shaba zinazokaa ndani, karibu na sumaku inayozunguka. Piki ile iko na waya tatu za manjano zinazotoka kule. Tulizichomoa, tukapima mbili mbili: zote zilifanana, na upinzani wake ulikuwa mdogo, chini ya omu 1. Hakuna hata moja iliyogusa chuma cha piki. Ingegusa, statori ingekuwa imeungua. Kisha tukawasha injini na kuweka multimeta ku alama ya wimbi, maana umeme wa pale unakwenda na kurudi. Volti zilipanda sawasawa ku waya zote, zikapita 50. Basi statori ilikuwa nzima.

Ilibaki regulata, ambayo inageuza umeme ule uwe wa kufaa batiri. Tulipovuta plagi yake tuliona meno moja, ya waya mwekundu, yamekuwa meusi na plastiki imeyeyuka. Umeme ulikuwa unafika mlangoni na kukosa njia. Tukakata, tukaweka kiungo kipya, tukakaza. Piki ikapanda 14.1. Bei ya kile kiungo haikununua hata soda mbili.

Kuna mambo ine ya kushika akilini. Ku piki nyingi za zamani taa kubwa inapata umeme moja kwa moja kutoka statori. Taa kuwaka sana hakuhakikishi kwamba batiri inajaa, na kufifia piki ikitulia si ugonjwa. Usichomoe waya wa batiri injini ikiwaka ili "kujaribu". Namna hiyo watu wanaunguza regulata na ampuli. Ku batiri ya kufunguliwa ongeza maji safi ya batiri tu, usitie ya mto Semuliki wala asidi ingine. Na usilete sigara ao kibiriti karibu, maana batiri inayojazwa inatoa hewa inayolipuka.

Mama na baba, batiri ya zamani isichezewe na watoto. Risasi iliyo ndani ni sumu inayoharibu akili ya mtoto, na asidi inachoma macho. Msiyeyushe risasi ile jikoni, hata kama kuna mtu anainunua.

Nanyi vijana, mtu akikuambia ununue kitu, muulize kwa heshima: "Mukubwa, umepima?" Fundi mwema hatakasirika. Yule kijana bado anatumia batiri ile ile ya mbuzi. Kila mwezi anapima, anaandika namba ku daftari. Vijana wawili wa mtaa wamekwisha kuja kumwomba awafundishe. Nanyi mkiwa na piki inayosumbua, anzeni na kiungo kidogo, kisha mwende ku kikubwa. Asiyeziba ufa atajenga ukuta.