Karatasi ya labo ya mjomba wangu

Ninyi mnaonisikiliza kila asubuhi kwenye redio, leo sileti habari za barabara wala za bei ya maharagwe. Leo naandika juu ya jamaa yetu wenyewe.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikufa mwaka 2013 katika kijiji kimoja cha milimani juu ya Minova. Tumbo lilikuwa limevimba, miguu imejaa maji, macho yamekuwa ya manjano. Siku ya mwisho alitapika damu. Hapa kwetu Kivu, mtu akifa namna hiyo watu hawaulizi alikuwa na ugonjwa gani. Wanauliza: nani amempa karuho? Na jibu lilipatikana upesi. Jirani yake alikuwa mama mmoja mjane aliyeuza kasiksi, na mjomba alikuwa akinywa pale jioni. Hata matanga hayajaisha, vijana walivunja mitungi ya yule mama na kung'oa mlango wake. Aliondoka usiku na watoto wake wawili.

Mimi nilikuwa nimeshamaliza sekondari. Nilikuwepo. Sikurusha jiwe, lakini sikusema neno lolote, kwa sababu nami niliamini.

Mwanzoni mwa 2024, familia nyingi ziliposhuka Minova zikikimbia vita vya Sake na Masisi, damu ilihitajika kwa majeruhi na kwa akina mama wanaojifungua. Nilitangaza kwenye redio kwamba watu waje kutoa damu. Nikaona haya kuwaita wengine bila kwenda mwenyewe, basi nikaenda. Baada ya siku chache niliitwa. Damu yangu haikuweza kupewa mtu. Kwenye karatasi iliandikwa Ag HBs, na mbele yake alama ya kujumlisha. Maana yake nina virusi vya epatiti B, ugonjwa wa ini.

Nilimuuliza muganga kama nitakufa. Alinijibu hivi: «Karatasi hii inasema virusi vimo. Haisemi ini lako liko namna gani. Hilo ni swali la pili, na lina karatasi yake.»

Maneno hayo nayaandika hapa kwa sababu wengi wetu tunaishia kwenye swali la kwanza. Mmoja anaambiwa anavyo virusi, anakata tamaa, anakimbilia mitishamba inayozidi kulichosha ini. Mwingine anaona mwili hauumi, anatupa karatasi. Wote wawili hawajui hali ya ini lao, maana ini huvumilia kimya miaka mingi.

Baada ya miezi 6 walinipima tena. Virusi bado vilikuwemo, na hapo ndipo ugonjwa unaitwa wa kudumu. Kisha wakapima ini lenyewe. Muganga alinieleza kila mstari, nami nawaeleza kama nilivyoelewa.

ALAT, ambayo labo nyingine huandika TGP, ni kitu kinachokaa ndani ya chembe za ini. Chembe zikiumia, kinavuja na kuingia katika damu. ASAT, au TGO, ni ndugu yake, ila inapatikana pia katika misuli na moyo. Bilirubini ikipanda, macho yanakuwa ya manjano. Albumini inatengenezwa na ini. Ikishuka, maji yanajaa miguuni na tumboni. Ini ndilo linalotengeneza pia vitu vya kugandisha damu, kwa hiyo wanapima damu inachukua muda gani kuganda. Halafu kuna plakete, zile chembe ndogo zinazoziba kidonda. Ini likijaa makovu, damu inakosa njia ya kupita, inarudi nyuma kwenye bandama. Bandama inavimba na kuzishika plakete, na hesabu yake inashuka.

Nikasema: basi ALAT ikiwa ya kawaida, niko salama. Muganga akatikisa kichwa. Fikiri, akasema, gunia la maharagwe lenye tundu linaloshuka mlimani juu ya pikipiki. Ukiona maharagwe njiani, unajua gunia limetoboka. Lakini gunia likiwa karibu tupu, njiani hutaona kitu. Ini lililokwisha kuwa makovu linaweza kutoa ALAT nzuri kabisa.

Hapo nikamkumbuka mjomba.

Mama ana mfuko wa plastiki anaokimbia nao kila vita ikija. Ndani yake kuna kadi ya uchaguzi, karatasi za chanjo, picha mbili. Nilimuuliza kama hana karatasi yoyote ya kaka yake. Akatoa moja, imekunjwa mara nne, ya mwaka 2011. Ag HBs: ipo. ALAT: 38, na kiwango cha juu cha labo ile ni 40. Mtu fulani alizungusha ile 38 kwa bic nyekundu. Mama anakumbuka: walimwambia ini halijambo, wakampa vitamini, akarudi nyumbani. Lakini mstari wa chini ASAT ilikuwa 96, na plakete 88. Hiyo mistari hakuna aliyeizungusha.

Kuna hesabu inayoitwa APRI, na mtoto wa darasa la sita anaiweza. Chukua ASAT, gawanya kwa kiwango cha juu cha kawaida kilichoandikwa na labo. Zidisha kwa 100. Gawanya kwa plakete, zikihesabiwa kwa maelfu. Katika mwongozo wake wa mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima mwenye epatiti B ya kudumu akizidi 0.5 anastahili kuanzishiwa dawa. Akizidi 1, kuna hofu kwamba ini limefika kwenye makovu makubwa, yaani sirozi.

Nilipiga hesabu yangu: ASAT 28, kiwango 40, plakete 210. Nikapata 0.33. Kisha nikapiga ya mjomba. Nikapata 2.7.

Nilirudia mara tatu mbele ya mama. Hakusema kitu. Akachukua karatasi, akaikunja tena mara nne.

Najua hesabu hii si kiapo. Malaria nayo inashusha plakete, na pombe inapandisha ASAT. Ndiyo sababu msiisome peke yenu; mpelekeeni muganga, naye atapima tena. Lakini tumbo, macho, damu ile aliyotapika, na karatasi ya miaka miwili kabla, vyote vinasema neno moja. Mjomba alikuwa akiugua ini kabla ya jioni ile tuliyoihesabu sisi.

Mama naye alipimwa; anavyo virusi. Inaonekana mimi nilivipata kwake siku ya kuzaliwa, naye labda kwa bibi, na mjomba vilevile. Mtoto mchanga akiambukizwa, mara 9 kati ya 10 au zaidi virusi vinabaki naye. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili unavifukuza. Mke wangu hana, amechanjwa. Watoto wetu walipata chanjo zao za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Tunakula sahani moja. Virusi hivi havipiti kwenye chakula wala mkononi. Vinapita kwa damu, kwa wembe mmoja, kwa tendo la ndoa, kwa mama anapojifungua.

Mimi sijaanza dawa. Napimwa mara kwa mara, na lutuku nimeiacha. Anayehitaji dawa hupewa tenofoviri: haiondoi virusi vyote, lakini inavituliza ili ini lipumue. Ukiambiwa una epatiti B, uliza ASAT ni ngapi, uliza plakete ni ngapi. Na karatasi usiitupe, hata ikiwa na miaka mingi. Iweke kwenye mfuko ule unaokimbia nao.

Nimebakiza tangazo moja. Nimezoea kutangaza watu waliopotezana njiani, lakini hili ni langu.

Mama uliyekuwa unauza kasiksi jirani na mjomba, jina lako silitaji, maana tulilichafua vya kutosha. Sijui uko kambi gani wala kama uko hai. Hukumpa mtu sumu. Karatasi ninayo. Niko tayari kupanda hadi kule kijijini na kuisoma mbele ya wazee na mbele ya vijana wale, ambao sasa ni baba za watu. Kama wewe au watoto wako mnanisikia, tumeni neno redioni. Mama yangu pia anawangoja.