Turufu ya Mapema

Alama za wahedi na sitini ni 120. Apataye 61 ameshinda. Kwa hiyo mwenye ree na seti ya turufu mkononi, barazani Wasini baada ya Isha, ana swali moja: azitoe mapema ama azifiche? Mbele ya wachezaji makini, kuficha kuna faida. Wapinzani wa usiku huu, hata hivyo, ni watu wa papara, wakikosa kopa hukata papo hapo. Akisubiri, ree yake ya kopa, alama 11 nzima, italiwa na kijiturufu kisicho na thamani. Basi hutangulia kwa turufu, akazikamua za wapinzani kwanza. Mwenzake hununa, kwake yeye uhodari ni subira, na kesho watavua ngalawa moja.