Kiwanda cha Nyumba ya Lamu

Kiwanda, kwa wenyeji wa Lamu, si mahali pa mitambo. Ni ua ulio wazi juu, katikati ya nyumba ya mawe. Mgeni hupita daka lililo mlangoni, kisha tekani, na hapo ndipo huiona tena mbingu. Njia hiyo imepindishwa kwa makusudi, ili mpita njia asiwaone walio ndani. Katika mji huo mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, nyumba zimebanana na vichochoro ni vyembamba. Kwa hiyo kiwanda ndicho kinachoiletea nyumba mwanga na hewa, na ndipo akina mama na watoto wanapopata faragha yao.

Tulifika katika nyumba moja wakati jamaa wakishauriana. Sakafu ya chokaa ilikuwa imepasuka, maji ya mvua yakituama, na mama mzee wa nyumba alikwisha kuteleza mara mbili. Wanawe walitaka saruji na vigae, kazi ya siku chache. Fundi akapinga kwa adabu: "Mama, ukuta huu hunywa maji. Ukiuziba chini, utatapika ubavuni."

Maneno yake yana maana. Kuta hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, ambayo hufyonza unyevu wa ardhi. Sakafu ya chokaa huuacha unyevu upumue na kukauka. Saruji huufungia, nao hupanda ukutani pamoja na chumvi, mpaka lipu ikabanduka. Tulionyeshwa nyumba ya jirani iliyotiwa saruji. Kuta zake zilikuwa zimechubuka hadi kimo cha kiuno.

Mama akachagua chokaa, akahamia kwa binti yake kwa muda. Mawe mazima yaliwekwa kando yatumike tena. Ardhi ilishindiliwa kwa mteremko mdogo kuelekea mfereji, kisha likamwagwa tabaka la vipande vya mawe, mchanga na chokaa, likagongwa kwa vibao hadi likashikana. Juu yake yakatandikwa magunia yaliyoloweshwa, kwa kuwa chokaa ikikauka kwa pupa hupasuka. Hukaza polepole, kwa kuvuta hewa ya ukaa. Karibu na birika, fundi aliuacha uso wa sakafu ukwaruze kidogo, ili unyayo wa mzee upate kushika.

Subira hiyo ina gharama, na hatuwalaumu vijana waliohofia mama yao kuanguka tena. Lakini usalama wa mama na uhai wa kuta vilipatikana kwa kazi moja. Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lamu inatuongezea neno: tazama pia ufa huo unauziba kwa kitu gani.