Dawa ya Saa Nane

Tukifika nyumbani kwa mgonjwa, neno la kwanza tunaloambiwa mara nyingi ni, "Baba Mchungaji, tuombee." Tunaomba. Kisha nesi anauliza: usiku alilala? Amekula nini? Choo alipata lini? Dawa ya saa nane amepewa? Wapo washarika wanaoona maswali hayo yamekuja kukatiza ibada. Tunaandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya kila mwenye mgonjwa ndani hivi leo.

Sisi ni kikundi kidogo cha diakonia: mchungaji, mwinjilisti, nesi mstaafu na akina mama watatu. Tunawatembelea watu ambao hospitali imewarudisha nyumbani kwa kuwa ugonjwa wao hauponi tena, kuanzia vijiji vya Shinyanga hadi kwa ndugu zetu waliohamia machimbo ya Geita. Wengi ni akina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi. Wapo pia wanaume waliovuta vumbi la mawe kwenye maduara na makarasha mpaka mapafu yakakakamaa. Serikali huiita huduma hii tiba shufaa. Wagonjwa wetu hutuita watu wa dawa ya maji.

Dawa yenyewe ni morfini. Unga wake huchanganywa na maji safi, ukatiwa kwenye chupa, na mgonjwa akanywa kwa kipimo. Ni chungu, lakini si ya gharama kubwa. Daktari Anne Merriman alianza kuitumia hivyo Uganda mwaka 1993, na mwaka 2004 nchi hiyo ikaruhusu hata manesi waliofunzwa kuiandika. Kwetu ilitangulia Ocean Road, Dar es Salaam, na hospitali ya kanisa letu ya Selian, Arusha. Kwa Kanda ya Ziwa wengi tunaitegemea Bugando, ya ndugu zetu Wakatoliki. Maumivu hayaulizi dhehebu.

Morfini ya maji hudumu mwilini kama saa nne. Kwa hiyo ratiba ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku, ambapo daktari huagiza kipimo maradufu ili mgonjwa alale hadi asubuhi. Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Wanaona mgonjwa ametulia saa saba, wanasema hana haja ya dawa, wanangoja mpaka alie. Kungoja alie ni kufunga zizi ng'ombe wakishaingia kwenye mpunga. Maumivu yakishapanda, dawa inahitaji muda mrefu kuyafikia. Katika nyumba moja tulimkabidhi kazi hiyo mjukuu wa darasa la tano, mwenye kuweza kutegesha kengele ya simu, mama yake akipima dawa. Hakukosa hata mara moja.

Siku mbili tatu za kwanza mgonjwa husinzia sana na huweza kutapika. Hali hiyo hupita. Kisichopita ni kufunga choo, ndiyo maana dawa ya kulainisha choo lazima iende pamoja na morfini tangu siku ya kwanza. Kuna wagonjwa walioikataa morfini si kwa sababu ya imani wala woga, ni kwa sababu ya choo tu, na waliona aibu kumwambia mchungaji. Waambieni akina mama wa diakonia. Vilevile kidonda kinachonuka kina dawa: metronidazoli, ileile tunayomeza kwa amiba, husagwa ikanyunyizwa juu ya kidonda kama nesi alivyoelekeza. Tunalitaja hili kwa makusudi. Tumeona nyumba ambazo jumuiya iliacha kusali kwa sababu ya harufu, na mgonjwa akadhani Mungu naye ameacha kuja.

Lakini woga mkubwa ni kwamba morfini inaua. Kijana mmoja aliyekuwa akichimba Nyarugusu alirudi kumwona mama yake, akaificha chupa. "Baba Mchungaji, jirani yetu alipewa hiyo, hakumaliza wiki." Hakuwa mwongo. Jirani alipewa wiki ya mwisho kwa sababu kila mtu aliiogopa mpaka wiki ya mwisho. Woga wetu ndio unaoifanya dawa ionekane mjumbe wa kifo. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari na kuongezwa taratibu, haimwahishi mtu kaburini. Nesi hakubishana naye. Alimwomba alale chumba kimoja na mama yake usiku huo. Alfajiri chupa ilikuwa imerudi mezani.

Siku ya tatu tulimkuta mama yule ameketi, anakunywa uji. "Mwangaluka, mayu," nesi akamsalimu, naye akaitikia vizuri. Halafu akaanza kusema: shamba la mpunga liende kwa nani, nani amlee mjukuu, deni lililokuwa kwa shemeji yake, na jambo moja la zamani alilotaka kumwomba mwanawe msamaha. Aliishi wiki saba. Kijana alituambia nje, "Kumbe alikuwa na maneno."

Mzee mmoja wa kanisa alitupinga kwa Maandiko, na hoja yake inastahili jibu. Alisema Bwana Yesu pale Golgotha alikataa divai iliyotiwa manemane, basi Mkristo naye asikubali dawa ya kupunguza uchungu. Ni kweli, Marko anasimulia hivyo. Lakini Yohana anasimulia kwamba baadaye alisema ana kiu, akapokea siki. Na katika Injili zote nne, ni mgonjwa yupi aliyemjia akilia, akaambiwa avumilie? Msalaba aliubeba yeye kwa hiari yake. Kumlaza mama wa watu juu ya msalaba asiouchagua, wakati chupa iko kabatini, si teolojia ya msalaba tuliyofundishwa chuoni. Luther mwenyewe, tauni ilipofika Wittenberg mwaka 1527, aliandika kwamba dawa ni ya kutumiwa, na kuipuuza ni kumjaribu Mungu. Miaka kumi baadaye mawe ya figo yalimwangusha kule Schmalkalden, akawa mikononi mwa matabibu. Hakuna aliyesema amepoteza imani.

Tunaombea uponyaji, na hatuachi. Tunachokataa ni mhubiri kumwambia mgonjwa amwage dawa ili imani yake ionekane. Morfini ikikatwa ghafla, mwili hutetemeka, hutoka jasho, na maumivu hurudi yote kwa pamoja. Mhubiri wakati huo ameshaondoka kijijini.

Wachimbaji wenye mapafu ya vumbi wana mateso yao: si maumivu sana bali pumzi. Morfini kidogo, kwa kipimo cha daktari, hupunguza ile hali ya kuzama. Kuketishwa na mito mgongoni na dirisha kufunguliwa husaidia pia. Hapo maombi yawe mafupi, na watu wachache. Nyimbo nne na wageni ishirini chumbani humnyang'anya hewa mtu asiyekuwa nayo.

Kupata dawa bado ni safari. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, ndugu wa Geita hawasubiri tena kivuko ili kufika Mwanza, lakini nauli ni ileile, na chupa ikiisha Jumamosi mgonjwa hawezi kungoja Jumatatu. Hesabuni siku, mtume mtu mapema. Sadaka ya diakonia iko kwa ajili ya nauli hiyo.

Mgonjwa akifariki, dawa iliyobaki hairithiwi, haiuzwi, wala haipewi jirani anayeumwa mgongo. Hurudishwa ilikotoka. Baada ya mazishi ya mama yule, mmoja wa akina mama wetu alikwenda kuichukua chupa, pamoja na daftari ambalo familia ilikuwa ikiweka alama kila saa ya dawa. Chupa akapewa. Daftari, kijana aliomba abaki nalo.