Kamera ya Pili

Mtu aonaye kamera mbili shingoni mwangu hunidhania kuwa mpenda fahari. Husema, mpiga picha ana macho mawili lakini hufumba moja apigapo. Basi kamera mbili za nini? Mzaha huu hunichekesha. Walakini huenda siku moja wewe nawe ukakusanya fedha kidogo kidogo ununue chombo hiki, na yafaa uijue kazi yake kabla ya kuingia dukani.

Twaa mfano wa Tsavo. Udongo wa huko ni mwekundu, na ndovu wanaojimwagia vumbi lake huonekana wekundu pia. Mwenye kamera moja hubadili lenzi mara kwa mara, ndefu kwa ndovu aliye mbali, fupi kwa mlima na mawingu. Kila aifunguapo kamera, vumbi hutafuta njia ya kutua juu ya kihisi, yaani kile kibao kinachopokea nuru mahali pa filamu ya zamani, na doa lake huonekana katika picha baada ya picha, hasa penye mbingu. Mwenye kamera mbili hufunga lenzi zake alfajiri, asizifungue mpaka jioni.

Hiyo ni sababu ndogo. Kubwa niliiona mwaka 2018 huko Matondoni, kijiji cha Lamu kinachosifika kwa mafundi wa majahazi. Nilikuwa na wanafunzi sita wa chama chetu cha picha, na jahazi lilikuwa tayari kushuliwa. Maji ya bamvua yalijaa, kamba zikakazwa, watu wakaanza kuvuta kwa wimbo. Papo hapo shata ya kamera yangu ikakwama, isifunguke wala isifunge. Jahazi jipya halishuliwi mara mbili. Nikaiachia ile ining'inie, nikaishika ya pili. Fundi mzee aliyelijenga alikuwa ameweka kiganja ubavuni mwa chombo, akitembea nacho hatua kwa hatua mpaka maji yakamfika kifuani. Alipogeuka aliniuliza, "Mwalimu, umeipata?" Nikamjibu, "Nimeipata, mzee." Alifariki mwaka uliofuata, na picha ile imetundikwa nyumbani kwa wanawe.

Sasa, ichaguliwe kamera gani? Rafiki zangu walinishauri ninunue ya kampuni nyingine, mpya, yenye sifa nyingi. Nilikataa, na ningekataa tena. Kamera ya pili sharti iwe ndugu wa ile ya kwanza. Mlango wa lenzi uwe wa namna moja: mlango wa F wa Nikon ulianza mwaka 1959, wa EF wa Canon mwaka 1987, na lenzi ya huu haifungiki katika ule. Betri ziwe za aina moja, na kadi za kuhifadhia picha vivyo hivyo. Vitufe navyo vikae mahali pale pale, ili kidole kisipotee gizani. Kihisi chaweza kuwa kidogo zaidi, tena pana faida hapo. Lenzi ya milimita 300 ikiwekwa mbele ya kihisi kidogo, cha kiasi cha milimita 16 kwa 24, huleta picha kana kwamba ni lenzi ya milimita 450 mbele ya kihisi kikubwa cha 24 kwa 36. Mpiga picha za ndege atafurahi.

Wala si lazima iwe mpya. Yangu ilikuwa imekwisha kutumiwa na mwingine, na bei yake ilistahimilika kwa mshahara wa mwalimu. Uliza tu shata yake imefunguka mara ngapi, kwa kuwa nyingi hutengenezwa zivumilie mara 100,000 au 150,000 hivi. Muuzaji akikataa kukuonyesha hesabu hiyo, mwachie mali yake.

Na kabla ya kuondoka nyumbani, zilinganishe saa za kamera zote mbili. Zikihitilafiana, siku ya kuzipanga picha utaona jahazi likielea baharini, kisha watu wakilivuta kutoka nchi kavu.