Zamu ya Watoto, Kisha Kemondo

Kikao cha ukoo kilikuwa kinapanga safari ya Krismasi, kwenda Bukoba na kurudi Mwanza kwa meli, watu zaidi ya thelathini, pale kijana mmoja wa chuo alipouliza: kwani lazima kubeba chakula? Melini si kuna mgahawa? Kila mtu atajinunulia anachopenda. Vijana wenzake wakaafiki. Mwalimu mstaafu, mkubwa kuliko wote kikaoni, akainamisha kichwa. Mgahawa haukumsumbua. Kilichomuuma ni kwamba mjukuu huyo amefika miaka ishirini bila kuuona hata mara moja ukoo wake ukila pamoja melini, na wa kulaumiwa si yeye.

Mwalimu aliijua MV Victoria tangu ikiwa mpya. Meli hiyo iliundwa Glasgow, ikaletwa kwa vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Safari ya kwanza ya ukoo mzima ilikuwa mwaka gani, hapo wazee hawaelewani. Mmoja anasema ni kabla ya harusi ya binamu wa Kanyigo, mwingine anaapa kwamba bwana harusi mwenyewe alikuwemo melini na mkewe. Ila aliyepanga chakula hakuna anayembishia. Alikuwa shangazi yake mwalimu.

Maandalizi ya safari ya kurudi Mwanza aliyaanza alfajiri, kijijini. Majani ya mgomba yalibabuliwa motoni hadi yakalegea na kunukia, kisha ndizi zilizopikwa na maharage zikafungwa humo zikiwa za moto, fungu kwa fungu, na kupangwa kwenye kapu lililotandikwa majani mengine makavu. Zikifungwa hivyo, hukaa na joto muda mrefu. Harufu hiyo ya jani lililoungua kidogo, iliyochanganyika na ya dizeli kutoka chumba cha injini, mwalimu anasema angeitambua hata akiamshwa usingizini.

Gatini shangazi alifika jua halijazama. Vijana wawili walitangulia na mikeka kushika nafasi daraja la tatu, karibu na ukuta wenye joto la injini, mbali na njia ya wapakiaji. Kisha akaanza kuita majina. Watoto walikula kwanza, meli ikiwa bado imefungwa Bukoba, watano kwa jani moja, mkubwa wao akiwa na kazi ya kuhakikisha mdogo hapunjwi. Honi ya kuondoka ilipolia, watoto wote walikuwa wamenawa na kulala.

Watu wazima walisubiri hadi bandari ya Kemondo. Wageni walidhani ni mila, kumbe ni hesabu. Kemondo meli ilisimama muda mrefu ikipakia mikungu ya ndizi ya kwenda Mwanza, na wakati huo sakafu ilitulia. Ikishatoka pale na kushika ziwa wazi, mawimbi yalianza, na aliyechelewa kula alikimbilia ukingoni. Kwa hiyo shangazi aligawa ndizi, samaki na senene ikiwa ni msimu wake, wazee wakipewa kwanza, wakwe wakiketishwa mahali pa heshima. Mwisho alipitisha kahawa ya kutafuna. Baada ya Kemondo hakuna aliyepewa kitu ila chai ya chupa, tena kwa mgonjwa au mjamzito.

Meli kubwa za utalii zinazobeba maelfu ya abiria zimekuwa zikigawa chakula cha jioni kwa zamu mbili, ya mapema na ya baadaye, na familia zenye watoto hupendelea ile ya mapema. Shangazi hakupata kuziona meli hizo. Alifikia mpango uleule kwa kuwajua watoto wake na ziwa lake.

Mwaka mmoja kaka yake mkubwa, aliyekuwa amepata cheo serikalini, alikata tiketi ya daraja la kwanza. Kule juu kulikuwa na meza zenye vitambaa na mhudumu wa kumwandikia oda. Meli ilipofunga Kemondo, shangazi alimtuma mtoto: "Mwambie baba mkubwa tunamsubiri, hatujanawa." Mzee alishuka na suti yake, akavua viatu, akaketi mkekani. Tangu siku hiyo kila aliyelala juu alishuka kula chini, na hakuna aliyesubiri kutumiwa mtoto.

Vilivyokuwa kapuni navyo vilibadilika. Furu na ngege waliokuwa wakikaushwa kwa moshi walizidi kuadimika kadiri sangara alivyotawala ziwa, na kufikia miaka ya themanini vilikuja vipande vikubwa vya sangara wa kukaanga. Shangazi alilalamikia mafuta yake yaliyolowesha majani, lakini alivifunga.

Baada ya MV Bukoba kuzama Mei 1996, ukoo ulikubaliana kwamba wote hawatapanda tena chombo kimoja. Nusu wakawa wanazunguka kwa basi kupitia Biharamulo. Miaka michache baadaye shangazi akafariki, na kapu halikukabidhiwa mtu. Mwaka 2014 Victoria ikasimama kazi. Iliporudi mwaka 2020, imekarabatiwa na kupewa jina la MV New Victoria Hapa Kazi Tu, watu walikuwa wamezoea chipsi kuku za stendi. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi nalo limeondoa foleni ya kivuko, na wenye magari hawaoni sababu ya kulala ziwani.

Safari ya meli ya hivi karibuni ilimkera mwalimu kupita kiasi. Michango ilitumwa kwa simu, ikapokelewa, lakini hakuna aliyeambiwa anunue nini. Melini watoto walilia njaa saa tano usiku huku wazazi wakiwa kwenye foleni ya mgahawa. Bibi mmoja alilala na biskuti, maana aliona aibu kuomba. Mkwe mgeni alikula peke yake, ameinamia simu, katikati ya watu waliopaswa kumkaribisha. Chakula kilikuwepo, tena kingi kuliko cha shangazi.

Ndiyo maana mwalimu hakumjibu mjukuu kwa hoja za mila. Aliomba karatasi, akaandika majina ya watoto walio chini ya miaka kumi, yakafika tisa, kisha ya wazee wasiokula vya kukaanga. Akamsogezea yule kijana karatasi na kumwambia michango ya simu itakuwa mkononi mwake, ndizi zifungwe kijijini Kanyigo asubuhi ya safari ya kurudi, na kabla ya wiki kwisha akaulize bandarini ratiba ya sasa inaipa meli muda gani Kemondo.