Kila Samaki na Kina Chake



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili tujifunze kwa viumbe wasio na sauti. Wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, lipo ziwa dogo liitwalo Masoko, lililojaa katika shimo la volkano ya kale. Upana wake wapata meta 700, na kina chake chazidi meta 30. Humo huishi samaki wadogo wa ukoo wa perege, wote wenye asili moja.

Mwaka 2015 wataalamu walichapisha utafiti juu ya samaki hao. Madume wa kandokando, penye nuru nyingi, ni wa manjano. Wale wa kilindini, penye nuru hafifu, ni wa buluu. Wanatofautiana pia kwa umbo la mwili, kwa mataya ya kooni na kwa chakula. Hata vinasaba vya kuona vimeachana. Tena wapo wa katikati, wasiohesabika huku wala kule. Wataalamu wanakadiria kuwa tofauti hizo zilianza ndani ya miaka 1,000 iliyopita, katika maji yasiyo na ukuta.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu ya swali linalozisumbua jumuiya zetu ndogo ndogo: je, muumini asiyeonekana jumuiyani anyimwe barua ya ubatizo wa mtoto wake? Wapo wavivu, nao waonywe kwa upendo. Lakini yupo mlinzi ambaye bado yuko lindoni alfajiri tunapoanza sala. Yupo mama auzaye maandazi stendi. Yupo mjane auguzaye mgonjwa bila wa kumpokea. Hao wanaishi kilindini, na imani yao imepata umbo la mahali walipo: sala fupi, rozari mfukoni, sadaka ya kimya. Tukiwapima kwa kipimo cha kandokando tutawaona wamepungukiwa, kumbe wanayo macho ya kumwona Mungu gizani.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba viungo ni vingi, mwili ni mmoja. Basi, kabla ya kulifuta jina daftarini, twende kwa mwenye jina, tumwulize anaishi kina gani. Kama alfajiri haimwezekani, tusali naye jioni, nyumbani kwake. Naye wa kilindini asisahau kwamba ziwa ni lilelile: Ubatizo mmoja, Ekaristi moja.